Benki haikutoka mtoni

Imenifikia tena, safari hii kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: eti benki ya fedha inaitwa bank kwa sababu bank ni ukingo wa mto, ukingo ndio unaoongoza mkondo, mkondo kwa Kiingereza ni current, na fedha ni currency. Basi benki zinatuongoza kama maji, na sisi ni vyombo tunaoelea chini ya sheria za bahari. Watu wazima, wasomi, wanaisambaza. Mimi natunga kamusi, na nimechoka kuijibu kwa mtu mmoja mmoja.

Hilo la current lina jibu fupi. Mzizi ni currere ya Kilatini, kukimbia, na fedha inayopita mkono hadi mkono inakimbia bila kuhitaji mto. Tena currency kwa maana ya fedha ilianza mwishoni mwa karne ya 17, wakati bank ya fedha ilikuwamo katika Kiingereza tangu karne ya 15. Huwezi kueleza asili ya neno kwa maana iliyozuka miaka 200 baadaye.

Bank ya mto ni ya zamani zaidi, yapata mwaka 1200, na Kiingereza kiliipata kwa watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza. Maana yake ya msingi ni mwinuko wa udongo, wala si maji. Tazama ramani ya bahari kati ya Unguja na Pemba: kuna Leven Bank, na pale hakuna ukingo wa chochote. Ni fungu, sakafu ya bahari iliyoinuka. Niliwahi kuletewa tafsiri ya mashine niihariri, imeandika "Benki ya Leven". Huo ndio uharibifu wa kudhani neno lina maana moja.

Bank ya fedha ilipita njia nyingine kabisa. Ni banco ya Kiitaliano: benchi au meza ya mbao ya mbadili fedha sokoni. Kifaransa kikaifanya banque, Kiingereza bank, nasi tukapata benki. Wanyarwanda wanasema banki. Kifaransa bado kinatenganisha banc, benchi, na banque. Banquet, karamu, nayo ni benchi dogo la Kiitaliano.

Sasa nifike kwenye kinachonikera, kwa sababu kuna wajuaji hunijibu, "Lakini maneno hayo mawili si ni ndugu?" Ndiyo, ni ndugu. Banco haikutoka Kilatini. Waitaliano waliipata kwa makabila ya kale ya Kijerumani (Germanic, ukoo wa lugha wenye Kijerumani na lugha za Skandinavia), na mzizi huo unahusiana na ule wa bank ya Skandinavia, yaani tuta. Lakini undugu huo umepitia udongo ulioinuliwa ukawa mahali pa kukaa. Mkondo wa maji haumo. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Baraza ni ile sehemu iliyoinuliwa mbele ya nyumba watu wanapokaa jioni. Kisha ni wale waliokaa. Kisha ni Baraza la Mawaziri. Kikao kimezaa taasisi, kama benchi lilivyozaa benki. Kukisia jibu lenye undugu ndani yake si sawa na kuijua njia, na kamusi ni kazi ya njia.

Hata hapo kuna shaka ambayo vitabu vya shule huificha. Mzizi huo wa Kijerumani huandikwa na nyota mbele, maana yake hakuna aliyewahi kuuona kwenye maandishi. Umejengwa upya kwa kulinganisha lugha. Ndiyo sababu kamusi huweka bank ya tuta na bank ya fedha kama vidahizo viwili, yaani maneno mawili yanayofafanuliwa kila moja peke yake. Naunga mkono: zimeingia Kiingereza kwa milango miwili.

Simulizi nyingine inayopendwa ni ya bankrupt, yaani aliyefilisika. Banca rotta, benchi lililovunjika, hilo ni sahihi. Lakini picha ya umati ukilivunjavunja benchi la mbadili fedha mbele ya soko zima mimi siiamini. Rotta humaanisha pia kuharibika. Sisi tunasema ndoa imevunjika, na hakuna aliyeleta shoka.

Benki ya damu je? Bernard Fantus aliipa jina hilo huko Chicago mwaka 1937, katika hospitali ya Cook County. Hapo hakuna tuta wala benchi: unaweka, unatunziwa, anayehitaji anatoa. Ni maana ya fedha iliyopanuliwa, kwa hiyo inakaa chini ya kidahizo cha fedha. Mchezaji anayesugua benchi Jumamosi nzima ana uhusiano wa karibu zaidi na benki kuliko mto wowote duniani.