Manjano ya kichanga: mbona wanamweka chini ya taa wakati jua lipo?

Mtoto ana siku tatu, macho yamekuwa ya njano. Ni homa ya manjano?

Hapana. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Manjano ya kichanga hayaambukizi. Mtoto huzaliwa na chembechembe nyekundu nyingi za damu, na zikivunjika zinaacha rangi ya njano iitwayo bilirubini. Ini ndilo lenye kazi ya kuitoa, na ini la mtoto wa siku tatu bado halijashika kazi sawasawa. Watoto kama 6 kati ya 10 waliotimiza miezi yao huonekana wa njano wiki ya kwanza. Kwa njiti ni kama 8 kati ya 10.

Kama ni wengi hivyo na wanapona, taa ya nini?

Ni kwa ajili ya wale wachache ambao bilirubini yao inapanda kupita kiasi. Ikizidi hupenya hadi kwenye ubongo. Mtoto kwanza analegea na kugoma kunyonya, baadaye anakakamaa, mgongo unapinda kama upinde na kilio kinakuwa chembamba, kikali. Akinusurika anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo. Taa ikiwahi, mengi ya haya hayatokei.

Taa inafanyaje kazi? Inachoma manjano?

Haichomi chochote. Bilirubini haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo haiwezi kutoka mwilini mpaka ini liishughulikie. Mwanga wa bluu ukipiga ngozi unaligeuza umbo lake, ikawa ya kuyeyuka, ikatoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Ndiyo maana mtoto wa taa hupata choo laini, mara nyingi cha kijani. Usishtuke.

Bibi yake anasema tumwoteshe jua la asubuhi. Amekosea?

Amekaribia kuliko anavyodhani. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya njiti, Sista Ward, alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto nje waote jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa amerudi katika rangi yake mwili mzima, isipokuwa pembetatu moja ya ngozi iliyobaki njano kabisa: ilikuwa imefunikwa na kona ya shuka. Baadaye chupa ya damu iliyosahaulika dirishani penye jua nayo ilikutwa kipimo chake cha bilirubini kimeshuka. Dk. Cremer na wenzake wakatengeneza taa, na matokeo yao yakachapishwa 1958.

Kwa hiyo mwanga unaotibu umo ndani ya jua. Tatizo ni vinavyokuja nao: miale inayounguza ngozi, na joto linalomkausha mtoto maji. Pia jua halina kipimo. Dakika kumi za saa moja asubuhi, mtoto amevikwa kofia, soksi na blanketi, zinamtibu pua peke yake! Huko Lagos, Nigeria, watafiti walijaribu kuwaweka vichanga chini ya vibanda vilivyoezekwa karatasi maalumu za kuchuja miale mibaya, na matokeo waliyochapisha 2015 yalionyesha kuwa jua hilo lilifanya kazi vizuri kama taa. Lakini ni jua lililochujwa, watoto wakipimwa joto na damu chini ya uangalizi. Uani kwetu hakuna hivyo. Mtoto aliyeambiwa anahitaji taa, apewe taa.

Nikiwa naye wodini nifanye nini?

Mwache na nepi tu, tena ndogo, maana ngozi iliyofunikwa haitibiwi. Macho ndiyo yafunikwe. Angalia kile kitambaa mara kwa mara: kinapenda kuteremka, na kikishuka puani kinaziba pumzi. Mnyonyeshe kila baada ya saa 2 au 3 hata kama amelala. Maziwa ndiyo yanayosukuma choo, na choo ndicho kinachobeba bilirubini. Maji ya glukosi hayasaidii. Akishanyonya na kucheua, mrudishe. Najua inauma kumwona pale peke yake, lakini saa anazopakatwa nje ya mwanga ni saa ambazo hatibiwi.

Usimkadirie kwa macho akiwa chini ya taa. Ngozi husafika mapema kuliko damu, hivyo ni kipimo cha damu kinachosema atoke lini. Na kinaweza kupanda tena kidogo baada ya taa kuzimwa.

Mbona mtoto wa jirani alikuwa na kipimo kikubwa zaidi na hakuwekwa?

Kipimo cha kuwekewa taa hutegemea umri, na umri unahesabiwa kwa saa. Kwa mwongozo wa Uingereza, mtoto aliyetimiza miezi yake akiwa na saa 24 anawekewa taa kipimo kikipita mikromoli 200 kwa lita. Akifikisha saa 96, ni mpaka kipite 350. Njiti huwekwa mapema zaidi. Kikizidi sana, au taa ikishindwa kukishusha, damu hubadilishwa.

Nimwangalieje nyumbani?

Mchana, karibu na dirisha. Tochi ya simu inadanganya. Bonyeza paji la uso au pua kwa kidole, achia, tazama rangi inayobaki. Kwa ngozi nyeusi tazama zaidi weupe wa macho na fizi. Mpeleke hospitali mara moja akiwa wa njano ndani ya saa 24 za kwanza, njano ikifika viganjani au nyayoni, akiwa mzito kuamka, akikataa kunyonya au akipata degedege. Mama mwenye damu ya kundi O au Rh hasi aseme mapema, maana damu yake inaweza kutopatana na ya mtoto.

Jambo moja watu hulisahau: vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza nondo. Ukanda wetu wa malaria una watoto wengi, hasa wa kiume, waliopungukiwa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembechembe nyekundu za damu, na harufu ya vidonge hivyo inaweza kuvunja damu yao kwa kasi. Nguo za kichanga zisikae navyo.

Wiki mbili zimepita, bado ana njano.

Wapo wanaonyonya vizuri na kuongezeka uzito ambao njano hukawia, na hawana shida. Lakini apimwe, na wewe kaangalie nepi. Choo cheupe kama majivu, na mkojo wa njano iliyokolea, vinaweza kumaanisha njia ya nyongo imeziba. Hapo taa haisaidii. Anahitaji upasuaji, na unafaa zaidi ukifanyika kabla hajafikisha siku 60.