Vipimo Vizuri, Mgonjwa Hana Raha

“Mama anadeka tu, daktari. Sukari iko sawa, presha iko sawa, anataka nini tena?” Kauli hii naletewa kliniki na watoto wa wagonjwa, na waume, wakati mwingine hata na wenzangu wa kazi, tena mgonjwa mwenyewe ameketi papo hapo anatazama sakafu. Imenichosha. Presha ya 128/78 inaniambia hali ya mishipa dakika ile ile tu. Hainiambii mtu huyu amelala vipi.

Chukua kidonge cha presha cha kutoa maji mwilini, haidroklorothiazaidi. Dawa nzuri, bei yake nafuu, naiandika sana. Lakini mtu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani Mombasa kwa kawaida huvuka na feri, na kidonge alichomeza saa 12 asubuhi kinaanza kumdai haja ndogo katikati ya umati, akiwa hana pa kwenda. Mama mmoja muuza leso alinieleza anavyofanya: siku ya kuvuka hakimezi, chai hanywi, maji hagusi mpaka arudi kwake. Siku ya kliniki anakuja amekimeza, presha inapendeza, faili linaandikwa “anaendelea vizuri”. Tulikihamishia kidonge alasiri, akisharudi nyumbani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Amlodipini, dawa nyingine ya presha, huvimbisha vifundo vya miguu, hasa ukifika miligramu 10. Mara nyingi si figo; ni mishipa midogo iliyolegezwa inavujisha maji. Viatu havimwingii, harusini haendi, nyumbani wanasema anajitenga. Dozi hupunguzwa, au dawa hubadilishwa. Metfomini, ya sukari, nayo huwaharisha wengine: imezwe na chakula, ianze kidogo kidogo. Tuendelee.

Ninachotaka kukaa nacho ni HbA1c, kile kipimo cha miezi 3 ambacho watu wamekifanya cheti cha uzima. Hupima sukari iliyoshikamana na himoglobini, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, unachopewa ni wastani. Wastani! Wazee wawili wanaweza kutoka na asilimia 7 ile ile. Wa kwanza sukari yake ya damu inatembea kati ya milimoli 6 na 10 kwa lita. Wa pili anapanda hadi 16 baada ya biriani ya mchana, kisha glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, inamshusha hadi 3 usiku wa manane. Anaamka amelowa jasho, moyo unamwenda mbio, anapapasa tende gizani na mkono unatetemeka hata kokwa inamponyoka. Asubuhi kichwa kinamgonga na hasemi na mtu. Baada ya muda anaogopa kulala, anakula kila usiku kujikinga, unene unamzidi, na kliniki anasifiwa kwa ile 7 yake. Glibenklamidi hukawia mwilini mwa mzee ambaye figo zimeanza kuchoka. Kwa mtu wa namna hiyo mimi nataka 8 yenye usingizi kuliko 7 yenye hofu, na nitalisema hilo mbele ya yeyote.

Na kuna selimundu, ambayo huku Pwani si ngeni. Chembe za mwenye ugonjwa huo hufa mapema, hazipati muda wa kukusanya sukari, basi HbA1c husoma chini kuliko hali yenyewe. Hapo hata huo wastani si wa kuaminiwa.

Yapo mambo ambayo sina jibu la mkato. Nyayo zinawaka moto usiku: ni sukari iliyoharibu neva, au metfomini ya miaka mingi imepunguza vitamini B12? Dalili zinafanana, na sababu zote mbili zaweza kuwa kwa mtu mmoja. Mwanamume akifunga mlango akaniambia mambo ya chumbani yamekufa, yaweza kuwa mishipa, neva, dawa ya presha, au sonona, ambayo huwapata wenye kisukari takriban mara mbili ya watu wengine. Nabadilisha dawa moja, nasubiri, nauliza tena. Ni kupapasa kwa utaratibu, na vitabu havilisemi hilo waziwazi. Ninachoogopa ni yule anayeacha dawa zote kimyakimya kabla hajafika mlangoni kwangu.

Kwa hivyo ukimleta mzazi, usinisomee namba za kwenye kitabu chake, nimeziona. Mwache aseme yeye. Nitamuuliza: usiku unaamka mara ngapi? Kidonge gani hukipendi, na siku gani hukimezi? Wapi umeacha kwenda? Hili la mwisho ndilo huchukua muda. Mmoja atataja swala ya Ijumaa, kwa kuwa udhu haukai. Mwingine ngazi za nyumba ya dadake Mji wa Kale, zinazomshinda kwa sababu nyayo zimekufa ganzi na hajui anakanyaga wapi. Uje pia na mfuko wa dawa zake zote, hata za mitishamba, niufungue mwenyewe mezani.