Picha ya mjamzito haihitaji jua kali

Watu wengi huamini kwamba picha ya mjamzito inayopigwa nje hutoka vizuri zaidi jua likiwa kali, kwa kuwa mwanga mwingi huonyesha kila kitu. Imani hiyo ina chanzo chake: simu nyingi za bei nafuu husumbuka kwenye mwanga hafifu.

Lakini kinachoamua zaidi ni upande mwanga unakotokea. Mombasa au Dar es Salaam, saa 6 mchana jua huwa karibu na utosi. Macho huzama kivulini, kivuli cha pua huangukia mdomoni, na tumbo, ambalo ndilo kiini cha picha, hung'aa juu na kuwa jeusi chini. Kuanzia saa 11 jioni jua hushuka na kupiga kutoka ubavuni. Mjamzito akisimama kiupande, mviringo wa tumbo hujichora wenyewe. Mama naye haungui na joto, na kwangu hilo peke yake linatosha kuahirisha miadi ya mchana.

Ikibidi kupiga mchana, msogeze kwenye ukingo wa kivuli cha mwembe, uso uelekee kweupe. Majani yakiwa machache mwepushe, maana madoa ya jua yatamjaa mashavuni na kwenye gauni.

Ukitaka kujihakikishia, nyoosha ngumi mbele yako juani saa 6, kisha kivulini, kisha jioni. Tazama vivuli kati ya vifundo vya vidole. Vikiwa vyeusi na kingo zake zimekatika kama kwa wembe, usoni navyo vitatoka hivyo hivyo.