Balansi: kusimama mlimani bila kukanyaga breki

Ukikuta gari lenye herufi L nyekundu limesimama katikati ya mlima hapa Mwanza, injini inanguruma, bajaji na bodaboda zimejikusanya nyuma yake zikipiga honi, ujue humo ndani kuna mtu anatafuta balansi. Neno ndilo hilo, na vyuo vya udereva havina jingine. Mwanafunzi ukimuuliza amefikia wapi atakujibu, "Barabarani nimeshaingia, bado balansi tu." Na hiyo "tu" inaweza kumchukua wiki mbili.

Neno limetoka kwenye Kiingereza, lakini kila kundi limelivuta upande wake. Benki, balansi ni salio. Kwa fundi wa matairi ni vile vyuma vidogo vinavyobandikwa kwenye rimu ili usukani usitetemeke ukikimbia. Kwa anayejifunza gari, balansi ni ile nukta ya klachi, pedeli ya mguu wa kushoto, ambayo injini imeshaanza kulisukuma gari lakini bado haijalishinda. Gari halipandi, halirudi, na mguu wa kulia hauko kwenye breki. Kufika hapo na kutulia hapo ndiko kubalansi.

Kwa nini nukta hiyo ipo? Injini ikishawaka ni lazima izunguke, mara 700 hadi 900 kwa dakika hata kama hujagusa mafuta. Matairi nayo, gari likiwa limesimama, hayazunguki hata kidogo. Katika gia namba moja, ukiviunga viwili hivyo moja kwa moja, huo mzunguko mdogo kabisa wa injini unataka gari dogo liwe linakwenda kilomita 6 au 7 kwa saa. Lakini gari liko sifuri. Ukiachia klachi kwa ghafla, injini inalazimishwa ifuate matairi yaliyosimama, inakohoa na kuzima. Kwa hiyo lazima pawe na kitu kinachokubali kuteleza kidogo mpaka pande mbili zipatane mwendo.

Kitu hicho ni klachi pleti. Ni sahani yenye lainingi, yaani tabaka la msuguano, kila upande, imebanwa kati ya flaiwili inayozunguka na injini na presha pleti inayoisukuma kwa springi. Ukikanyaga klachi, mbano unaachia na sahani inabaki huru. Ukiinua mguu taratibu, mbano unarudi kidogo kidogo: kwanza sahani inaguswa tu, kisha inateleza huku ikivuta, mwishowe inang'ang'ania kabisa. Umewahi kumtazama mvuvi anayezuia mtumbwi kwa kamba wakati mawimbi yanaurudisha ziwani? Kamba hajaibana kabisa, hajaiachia pia. Inapita viganjani mwake huku inavuta. Balansi ni ile sehemu ya katikati.

Barabarani tambarare, kama pale wanafunzi wanapoanzia, ukiikosa balansi unazima gari, unawasha tena, unacheka. Mlimani hakuna kucheka. Gari la kilo 1,200 likiwa kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, linavutwa nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 120. Hiyo ni mifuko miwili ya saruji na kilo 20 juu yake. Sekunde ile mguu unapohama kutoka breki kwenda kwenye mafuta, ni klachi peke yake inayobeba mifuko hiyo. Na mji huu umejengwa juu ya mawe na vilima: Bugando yenye hospitali kubwa, Isamilo, Capri Point. Anayejifunza kwenye mji wa tambarare anaweza kuiahirisha balansi hadi wiki ya mtihani. Sisi tunakutana nayo tunapokwenda kumuona mgonjwa.

Mimi nilifundishwa Isamilo, Jumapili asubuhi, watu wengi wakiwa kanisani na barabara ikiwa na nafasi. Mwalimu wangu, mzee mpole asiye na maneno mengi, alishuka, akaweka chupa tupu ya maji nyuma ya tairi, akarudi kukaa.

"Dada, chupa ikilia, tunashuka hadi chini, tunaanza upya."

Ililia mara nne. Ile ya tano nilipiga kelele kabla yake: "Mwalimu, linarudi!"

"Linarudi kwa sababu unaangalia kioo. Acha kioo. Sikiliza injini."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Kumbe balansi ina dalili zake, na ya kwanza ni ya sikio. Ukiwa umekanyaga breki na klachi, gia iko moja, anza kuinua mguu wa kushoto polepole. Mlio wa injini uliokuwa mwepesi unazama, kama mtu aliyebebeshwa ndoo. Pua ya gari inainuka kidogo sana. Kama dashibodi ina mshale wa mizunguko, nao unashuka. Hapo mguu wa kushoto ugande, usipande, usishuke. Sasa toa mguu wa kulia kwenye breki. Gari likitulia, umeipata. Ongeza mafuta kidogo, malizia klachi taratibu, unaondoka. Kosa la karibu kila mwanafunzi, nami nikiwemo, ni kwamba mguu wa kulia ukihama, wa kushoto nao unashtuka na kuhama. Miguu miwili inataka kwenda pamoja kama inavyotembea. Kazi yote iko kwenye kuitenganisha.

Siku ile mwalimu alinifanya nivue viatu. Peku, nikahisi pedeli inatetemeka chini ya unyayo pale sahani inapoanza kuvuta. Sijasikia mwalimu mwingine akifanya hivyo, na sikushauri uendeshe peku mjini, lakini chupa haikulia tena.

Kuna njia ya pili, ya hendibreki. Unaivuta gari likiwa limesimama, unaongeza mafuta kidogo, unainua klachi mpaka usikie gari linajivuta kutaka kupanda huku limefungwa nyuma, ndipo unaishusha. Walimu wengine wanaiona ni ya waoga. Sikubaliani nao. Kwenye mlima mkali, nyuma yako kuna bajaji iliyokuja kunusa bampa, hendibreki ndiyo akili. Balansi ya klachi peke yake, bila hendibreki, inafaa zaidi foleni inaposogea hatua moja moja, maana huwezi kuvuta na kushusha hendibreki mara arobaini. Na magari ya dizeli yanasamehe kuliko ya petroli: yana nguvu hata yakiwa kwenye mzunguko mdogo, ndiyo maana aliyejifunzia pikapu ya dizeli akipanda gari dogo la petroli hulizima siku nzima.

Jambo ambalo wanafunzi hawaambiwi vya kutosha ni kwamba balansi ni ya kupita. Utaona dereva amesimama mlimani dakika nzima bila breki, gari linachezacheza mbele na nyuma, anajiona fundi. Wakati huo lainingi inasagwa na flaiwili, na kusagana huko kunakuwa joto. Baadaye unasikia harufu kali, ya kitu kama mpira ulioungua. Hiyo ni klachi pleti inakwisha. Siku moja atakanyaga mafuta, injini itanguruma kwa sauti kubwa, gari litasogea kama konokono, na fundi atamwambia gia boksi ishushwe. Ukisubiri zaidi ya sekunde chache, rudi kwenye breki.

Kwenye safari ya leseni, balansi inakaa karibu na mwisho. Unaanza na leseni ya muda, ile ya mwanafunzi. Bila hiyo na bila mwenye leseni pembeni yako, kukaa nyuma ya usukani barabarani ni kosa. Unasoma alama na sheria, unazunguka vipilefti, unapaki kinyumenyume. Mtihani unasimamiwa na trafiki, leseni inatolewa na TRA, mamlaka ya mapato, na lazima uwe na TIN, namba ya mlipakodi, na umri usiopungua miaka 18 kwa gari. Daraja A ni la pikipiki, C la magari ya abiria. Wengi wetu tunaanzia B au D, ya magari madogo. Tangu 2021 leseni inakaa miaka 5, zamani ilikuwa 3. Mtihani wa vitendo ukiwa Mwanza, jiandae kuambiwa usimame mlimani. Mkaguzi hatazami miguu yako. Anatazama kama nyumba iliyo dirishani inasogea.

Swali linalokuja kila mara: magari mengi ya mitumba kutoka Japani ni otomatiki, balansi ya nini? Ni kweli, otomatiki haina pedeli ya klachi. Kazi ya kuteleza inafanywa na mafuta ya gia boksi yanayozungushwa ndani ya chombo kilicho kati ya injini na gia boksi, na ndiyo maana ukiachia breki pale tambarare gari linatambaa lenyewe. Lakini kutambaa huko kuna kikomo, na kwenye mwinuko mkali mzigo unakushinda.

Hili nililiona Kigongo, kwenye Ziwa Victoria, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, wakati sote tulikuwa tunavuka kwa kivuko. Mdogo wangu alikuwa anaendesha IST, otomatiki, tumejaa watu watano na magunia ya mchele nyuma. Tukiwa juu ya mlango wa chuma wa kupandia, mhudumu akamwinulia kiganja asimame, gari la mbele lilikuwa halijakaa sawa. Akasimama. Mhudumu akamwita, mdogo wangu akatoa mguu kwenye breki akisubiri gari litambae kama lilivyozoea.

Likarudi. Si sana, labda shubiri mbili. Nyuma yetu kulikuwa na lori, na pembeni ya lori maji.

Alikanyaga breki, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema kitu ndani ya gari. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye hendibreki, sijui saa ngapi.

"Ongeza mafuta kidogo," nikamwambia, "mimi nitaishusha."