Tanzania si shirikisho

Barazani hapa Chake Chake, kahawa ikimiminwa, hakukosi wa kusema: "Tanzania ni shirikisho, kama Marekani." Sivyo. Kwenye shirikisho kila mshirika hubaki na serikali yake, na juu yao huwapo ya pamoja. Muungano wa 26 Aprili 1964 ulileta serikali mbili, si tatu: ya Muungano na ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Tanganyika, yaani Bara, haina yake. Mambo ya Bara yasiyo ya Muungano huendeshwa na serikali hiyohiyo ya Muungano. Tazama mjini: polisi ni wa Muungano, mwalimu wa skuli ya msingi ni wa SMZ. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ni ya Zanzibar tu. Ya 1977 hubeba Muungano na Bara pamoja, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa.