Kipozaji cha maji cha kompyuta kina umri wake: mambo ya kujua kabla ya kudai waranti

Joto linapokolea, karakana yetu ya TEHAMA hapa chuoni hupokea kompyuta za mezani zilizokwisha kuwachosha wenyewe. Zinazimika katikati ya kazi, au zinakuwa nzito ghafla. Nyingi zina kipozaji cha maji kilichojazwa na kufungwa kiwandani: pampu ndogo iliyokaa juu ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta), mipira miwili ya kupitisha maji, na rejeta yenye feni ya kupoza maji hayo. Mwenye kompyuta huwa na swali moja: "Mwalimu, si waliandika waranti miaka mitano?"

Waliandika. Ila hiki si kifaa kama bonge la alumini lenye feni, ambalo feni ikifa unanunua nyingine na siku inaendelea. Pampu yake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika muda wote kompyuta ikiwa imewashwa. Tena maji yake hupungua hata pasipo tone kuvuja, kwa kuwa hupenya kidogo kidogo kwenye kuta za mipira, miaka na miaka. Nafasi inayobaki hushikwa na hewa, na hewa hukimbilia juu. Rejeta ikifungwa chini ya pampu, hewa hiyo inakwenda kukaa ndani ya pampu, nayo inaanza kukoroma. Hapo kosa ni la aliyefunga.

Kuna pia suala la madini. Bati linalogusa prosesa ni la shaba, rejeta kwa kawaida ni ya alumini, na yote mawili yanaogelea kwenye maji yaleyale. Dawa ya kuzuia kutu ikishindwa kazi, uchafu huziba mifereji ya shaba ambayo ni myembamba mno. Mwaka 2021 kampuni ya MSI ilikubali kubadilisha vipozaji vyake vya MAG CORELIQUID 240R na 360R kwa sababu ya mashapo ya namna hiyo.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni wa ARCTIC ya Ujerumani. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba baadhi ya vipozaji vyake vya Liquid Freezer II vilikuwa na gasketi (kizibo cha kuzuia maji kuvuja) ambayo mpira wake haukuiva sawasawa kiwandani. Salfa iliyotoka humo ilikuwa inaila shaba, na baada ya muda mrefu maji yangeweza kuvuja. Mteja alipewa hiari: kurudisha kifaa, au kutumiwa bure vifaa vya matengenezo vikiwa na gasketi mpya, akifungue mwenyewe. Kwa watengenezaji wengi, kugusa tu skrubu za pampu kunafuta waranti. Hawa walikukabidhi bisibisi.

Sasa, kabla hujamlaumu yeyote, hakikisha mgonjwa ni kipozaji kweli. Ingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kompyuta inapowaka, uone kama pampu inasoma mzunguko wowote. Nimeona nyingi "zilizokufa" ambazo waya wake ulichomekwa kwenye tundu la feni lililowekewa mwendo wa kobe. Washa mashine, kisha gusa. Joto la prosesa likiruka kuelekea nyuzi 100 ndani ya sekunde chache, na rejeta bado ni ya baridi, maji hayatembei. Rejeta ikipata joto lakini prosesa bado inaungua, badili kwanza grisi ya joto inayopakwa kati ya prosesa na kipozaji, maana hiyo ni ya bei ndogo.

Ukishathibitisha, rekodi video: sauti, namba za joto, jinsi rejeta ilivyofungwa. Piga picha stika yenye namba ya utambulisho. Hapa risiti ndiyo roho ya dai lako, na risiti za karatasi jepesi hufifia na kuwa nyeupe kabisa, basi ipige picha siku ileile ya kununua. Muulize muuzaji, kabla hujatoa fedha, waranti ni ya nani. Mara nyingi duka linatoa miezi michache yake, na ile miaka mitano au sita ni ya mtengenezaji aliye nje, ambaye anaweza kukutaka ulipie usafirishaji. Waranti nyingi humtambua mnunuzi wa kwanza tu, kwa hiyo kompyuta ya mtumba uihesabu kuwa haina.

Maji yakimwagikia kadi ya grafiki, soma masharti kwa makini. Wapo wanaofidia vifaa vilivyoharibika, na wapo wanaobadilisha kipozaji peke yake. Muuzaji akikataa kutimiza alichoahidi, Tanzania malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kenya, kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na bidhaa mbovu.

Unapokirudisha, usimwage maji yaliyomo wala usifute kutu. Ndiyo ushahidi wenyewe. Na ukipewa kipya, uliza kama hesabu ya miaka inaanza upya au inaendelea kutoka tarehe ya risiti ya kwanza; mara nyingi inaendelea.