Kununua tovuti si kununua kipato chake

Wanunuzi wa tovuti za tathmini za bidhaa za mbwa na paka huja na imani ileile: ukishalipa, kamisheni zitaendelea kuingia, ila sasa kwako. Hapana! Akaunti ya Amazon Associates, mpango wa Amazon unaolipa tovuti kamisheni kwa mauzo yanayopitia linki zake, haiuzwi pamoja na tovuti. Unaomba yako, na akaunti mpya ina siku 180 za kuleta mauzo 3 yanayokubalika, la sivyo inafungwa. Kila linki ya kola au ya mchanga wa paka imebeba kitambulisho cha aliyekuuzia tovuti, yaani msimbo unaoonyesha nani alipwe. Usipokibadilisha, kamisheni inakwenda kwake.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kutafuta na kubadilisha kitambulisho kwenye hifadhidata kwa mkupuo kunazishika linki ndefu tu. Zile fupi za amzn.to zimekificha ndani, na lazima zitengenezwe upya moja moja. Basi kabla ya kusaini, dai orodha ya linki zote na uhesabu fupi ni ngapi. Weka nakala rudufu, badilisha, kisha bofya mwenyewe linki za kurasa zinazoingiza zaidi na usome kitambulisho kwenye anwani inayofunguka. Kama muuzaji alipewa kiwango maalumu cha kamisheni na duka fulani, usidhani utakirithi. Liulize duka kwa maandishi. Hata kiwango cha kawaida hakina dhamana: Aprili 2020 Amazon iliteremsha kamisheni ya bidhaa za wanyama wa nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3, na wenye tovuti hawakuwa na la kufanya.

Wageni wengi, bei kubwa? Bei hupigwa kwa faida halisi ya mwezi, aghalabu wastani wa miezi 12, mara kizidisho, yaani idadi ya miezi mnayokubaliana. Makala ya kama mbwa anaweza kula zabibu huvuta watu wengi wasionunua chochote.

Picha za skrini za takwimu si ushahidi. Omba ruhusa ya kutazama Analytics na Search Console, zana za Google zinazoonyesha wageni wa tovuti na utafutaji unaowaleta, na ukague kwa makini kuanzia Septemba 2023, Google ilipobadilisha upangaji wa matokeo.

Nanyi wauzaji, kazi mnayoandika wenyewe bila malipo ni gharama. Mnunuzi makini ataitoa kwenye faida, kwa hiyo itajeni mapema.

Malipo yakae kwa msimamizi asiye mnunuzi wala muuzaji hadi domeni (jina la anwani ya tovuti), faili na hifadhidata zihakikiwe. Domeni iliyosajiliwa chini ya siku 60 kwa kawaida haihamishiki kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine ya kusajili domeni. Fungua akaunti kwa msajili uleule wa muuzaji, domeni ihamishiwe humo.